Maelezo Yangu Kuhusu Kadi ya Shemeji

Kwa kuwa habari ya kadi ya benki ya shemeji yangu na mchezo wa video ulionunuliwa kwayo imekwisha kusimuliwa kwenye kundi la familia na watu ambao hawakuwepo usiku ule, wakiongozwa na shemeji mwenyewe ambaye alikuwepo lakini alikuwa amelala, nimeona ni haki nami niandike yaliyotokea kwa utaratibu, bila jazba, na bila vile vikaragosi vya kulia ambavyo dada yangu hawezi kumaliza sentensi bila kuvitumia.

Chanzo cha yote ni tarehe. Mwezi Septemba mwaka 2020, ilipokuwa ikiadhimisha miaka 35 tangu kutoka kwa mchezo wa video wa Super Mario Bros. mwaka 1985, kampuni ya Nintendo ilitoa mkusanyiko wa konsoli yake ya Switch, yaani mashine ya kuchezea michezo hiyo, ulioitwa Super Mario 3D All-Stars. Ndani yake mlikuwa na michezo mitatu ya zamani: Super Mario 64 ya mwaka 1996, Super Mario Sunshine ya mwaka 2002 na Super Mario Galaxy ya mwaka 2007. Bei yake nchini Marekani ilikuwa karibu dola 60, yaani bei ileile ya mchezo mpya kabisa, ingawa mkubwa wa hao watatu alikuwa amefikisha umri wa kuoa. Hilo lingevumilika. Kilichotuvuruga akili ni tangazo kwamba mkusanyiko huo ungeuzwa hadi tarehe 31 Machi 2021 tu, kisha uondolewe kwenye duka la mtandaoni, na katriji, yaani vile vidude vidogo vyenye mchezo ndani, zilizokwisha kufika madukani ziuzwe mpaka zitakapokwisha.

Wakati huo mimi, dada na shemeji tulikuwa tukiishi nyumba moja na kutumia konsoli moja. Mimi nilitaka tununue mapema. Shemeji alishikilia kwamba mchezo wa zamani haukimbiliwi, na ushahidi wake ulikuwa PlayStation Classic, ile konsoli ndogo yenye michezo 20 iliyotoka Desemba 2018 kwa dola 100 na ndani ya wiki chache ikashuka hadi dola 60. Jambo hili alilijua kwa uchungu, maana yeye alikuwa amenunua kabla haijashuka. Mimi nilimjibu kwa NES Classic, konsoli ndogo ya namna hiyohiyo ya Nintendo, iliyotoka Novemba 2016 kwa dola 60, ikaadimika kiasi kwamba walanguzi waliiuza kwa bei mara kadhaa ya hiyo, ikasitishwa Aprili 2017 huku watu wakiitafuta, halafu ikarudishwa Juni 2018, wakati waliokosa subira walikwisha kuwatajirisha walanguzi. Kila mmoja wetu alikuwa na historia upande wake, na kwa sababu hiyo mjadala ulidumu toka Septemba hadi usiku wa mwisho wa Machi, shemeji alipoutangaza umefungwa na kwenda kulala.

Mimi sikwenda kulala. Niliwasha konsoli, nikafungua duka, na duka likaniuliza ni mtumiaji gani anayeingia. Hapa ndipo maelezo ya shemeji yanapoacha jambo la msingi. Katika konsoli ile kila mtumiaji huchagua picha ya kumtambulisha, na mimi na yeye sote tulikuwa tumechagua picha ya Mario, kwa kuwa hakuna mwanamume mzima anayejiheshimu atakayekubali kuwa Luigi, ndugu mdogo wa Mario, katika nyumba anayolipia umeme. Jina langu lilikuwa Bingwa. Lake lilikuwa Bingwa Halisi, nalo alilichagua baada ya kuliona langu. Naomba msomaji ajiulize, akiwa mbele ya Mario wawili wanaofanana, usiku wa manane, dirisha la ununuzi likiwa karibu kufungwa, angetumia muda gani kusoma majina. Tena kadi ya shemeji ilikuwa imehifadhiwa humo, na ni yeye mwenyewe aliyekuwa ameiagiza konsoli isiulize nywila, kwa madai kwamba padi ya kuchezea haikuundwa kwa ajili ya kuandikia. Niliona neno la kuthibitisha, nikabonyeza, nikapongezwa kwa ununuzi.

Mchezo ulianza kupakuliwa. Nilikuwa nimekaa nikiutazama ule mstari ukijaa, nikiwa na amani ambayo sijaipata tena, niliposikia sauti chumbani ikisema kwa nguvu, "Mwizi! Mwizi!"

Simu ya shemeji ilikuwa imepokea ujumbe wa benki kwamba fedha zimetoka kwenda ng'ambo. Mimi hilo sikulijua. Nilisikia mwizi, nikafanya alichopaswa kufanya mtu yeyote mwenye shukrani kwa watu wanaompa chumba: nilichukua ufagio na tochi, nikazunguka nyumba nzima, nikachungulia nyuma ya tangi la maji, nikajaribu kila dirisha, kisha nikarudi kumhakikishia shemeji kwamba kwa upande wangu hakuna aliyepita. Yeye alikuwa kwenye simu na mhudumu wa benki, akimweleza kwamba genge la kimataifa limeingia katika akaunti yake, na akataka kadi ifungwe papo hapo. Alinishukuru kwa moyo wote. Tulisimama pale sebuleni bega kwa bega, mimi na ufagio na yeye na simu, tukiwalaani watu wanaokula jasho la wenzao, hadi dada alipotoka chumbani, akaitazama runinga, na kuuliza kwa nini mwizi anapakulia kwetu.

Sitasimulia dakika zilizofuata. Itoshe kusema kwamba kadi iliyofungwa usiku haifunguliwi kwa kupiga simu ya pili na kucheka.

Kesho yake shauri lilipelekwa kwa baba mkubwa kwa njia ya simu. Baba mkubwa ni mtu wa haki, lakini alitaka kwanza aelezwe huyo Mario amekosa nini hata afukuzwe dukani. Nilimweleza kwamba hakukosa kitu, kwamba kampuni ndiyo iliyoamua kuacha kumuuza. Akauliza kama amekwisha ghalani. Nilimjibu kwamba nakala tuliyonunua haikai ghalani, kwa kuwa inapakuliwa tu, na ikipakuliwa na mmoja au na milioni haipungui. Kimya kirefu kikapita. "Sasa mwanangu," akasema, "kitu kisichopungua kinakwishaje?" Kwa maoni yangu hilo ndilo swali bora kupata kuulizwa kuhusu biashara hii, nami sikuwa na jibu zaidi ya kusema kwamba kinakwisha kwa tarehe. Alihukumu kwamba nimlipe shemeji fedha zake zote, mchezo uwe wangu, na tusimsumbue tena kabla ya swala ya asubuhi.

Nililipa. Tatizo ni kwamba kwa mfumo ulivyokuwa, mchezo wa kupakua ulifungwa kwenye akaunti iliyoununua, na watumiaji wengine waliweza kuucheza pale tu konsoli hiyo ilipokuwa ndiyo konsoli kuu ya akaunti hiyo, na kila akaunti ilikuwa na konsoli kuu moja tu. Hukumu ya baba mkubwa haikuwa imeunganishwa na mfumo huo. Mwaka huo huo shemeji na dada walihama, shemeji akanunua konsoli yake, akaifanya kuwa kuu, na siku iliyofuata nilipobonyeza picha ya mchezo niliolipia, niliarifiwa kwamba siruhusiwi. Mchezo wangu ulikuwa nyumbani kwa shemeji, ukichezwa na mtu aliyesema haukimbiliwi. Dukani ulikuwa umeondolewa kweli. Kwa walanguzi niliukuta, ukiwa katriji iliyotumika isiyo na kasha, kwa bei inayozidi ile ya mchezo mpya. Mmoja wao alikuwa ameandika "adimu sana" chini ya picha iliyoonyesha rundo lake lote.

Nilijaribu kupata huruma kwa njia ya elimu. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilichapisha utafiti uliogundua kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa kununuliwa kwa njia ya kawaida. Nilimtumia dada takwimu hiyo, nikitarajia angeona kwamba niliyoyafanya yalikuwa uokoaji. Alijibu kwa kuuliza kama asilimia 13 iliyobaki haikunitosha, akaweka na vikaragosi vyake.

Kibaya zaidi, michezo yenyewe haikuondoka. Super Mario 64 ilirudi Oktoba 2021, miezi saba tu baada ya usiku wa ufagio, safari hii kama sehemu ya usajili wa karibu dola 50 kwa mwaka, ambao ukiacha kuulipia nao mchezo unafungwa. Oktoba 2025 ikarudi Galaxy, ikiwa pamoja na ndugu yake wa mwaka 2010, Super Mario Galaxy 2, ambaye mara ya kwanza alikuwa ameachwa nje: dola 40 kwa kila mmoja, au dola 70 kwa wote wawili. Ukipiga hesabu, mchezo mmoja ambao zamani ulikuwa theluthi ya kifurushi cha dola 60 sasa peke yake unadai theluthi mbili za bei ya kifurushi kile, na wanunuzi wapo.

Shemeji ndiye aliyenipigia kuniarifu. Alikuwa mpole, akaniita shemeji yangu mpenzi, na kupendekeza tuchangie nusu kwa nusu, mimi nikitoa nusu yangu kwanza. Kabla hatujafika mbali akaniuliza unauzwa mpaka tarehe ngapi. Nikamwambia haikutajwa tarehe yoyote ya mwisho.

"Aa," akasema. "Basi tungoje kwanza ushuke."