Kabla kibarua hakijaota nyasi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa mauzo katika duka la jumla Kariakoo. Jioni moja hesabu ya kaunta ilikataa. Daftari lilisema hivi, droo ikasema vile, na shoti ilikuwa Sh84,000. Dada wa kaunta alihesabu mara tatu, noti kwa noti, mikono ikimtetemeka. Bosi hakukaa hata kwenye kiti. Mbele ya wateja wawili na vijana wa stoo alimwambia: "Weka funguo hapo. Hiyo nakata kwenye mshahara wako, na kesho usije." Dada akaweka funguo, akachukua mkoba wake, akatoka. Mimi nilinyamaza.

Siku nne baadaye bosi alikuwa akitafuta ujumbe mwingine kwenye simu yake, akakutana na muamala wa Sh84,000. Mteja wa Mbagala alikuwa amelipa kwa simu, na bosi mwenyewe ndiye aliyepaza sauti kutoka ndani siku ile: "Imeingia, mpe mzigo." Katika msongamano wa saa kumi, dada aliyaandika mauzo yale kama taslimu. Angeulizwa swali moja tu, nani leo kalipa kwa simu, jambo lingekwisha kabla duka halijafungwa.

Nalikumbuka tukio hili kila ninaposikia mjadala wa nidhamu kazini, kwa sababu mara nyingi unapelekwa kama ugomvi wa ukali na huruma. Wenye biashara husema kusikilizana kwingi kunalea uzembe. Wafanyakazi nao husema bosi mkali ni bosi mbaya. Mimi naona ugomvi wenyewe si huo. Kumsikiliza mtuhumiwa ni njia ya meneja kujua kilichotokea, na meneja asiyejua kilichotokea anaadhibu kwa kubahatisha.

Hata waasisi wa elimu ya uongozi wa kazi hawakuitenganisha nidhamu na haki. Mfaransa Henri Fayol, aliyeongoza kampuni ya migodi kwa miaka mingi, mwaka 1916 alitoa kanuni zake 14 za uongozi, na nidhamu ni mojawapo. Ila ukitazama anavyosema nidhamu inajengwa, anaanza na viongozi wazuri katika kila ngazi, kisha makubaliano yaliyo wazi na ya haki, ndipo zinafuata adhabu zinazotolewa kwa busara. Maofisini na madukani kwetu mara nyingi tunaanzia mwisho. Mkataba haupo au umeandikwa kwa Kiingereza ambacho aliyeusaini hakielewi, msimamizi hajafundishwa kusimamia watu, lakini adhabu iko tayari.

Wapo wanaopenda zaidi mfano wa jiko la moto, unaohusishwa na Mmarekani Douglas McGregor. Jiko lililowaka linakuonya kwa joto lake kabla hujaligusa. Ukiligusa unaungua papo hapo. Linamuunguza kila anayeligusa, na halina chuki na mtu. Ni mfano mzuri, na kipande chake chenye nguvu zaidi ni kile cha kila anayeligusa. Hakuna kinachoua nidhamu ya kazi kama mpwa wa bosi kuingia saa tatu kila siku huku mwenzake akiandikiwa barua kwa kuchelewa dakika 20. Wafanyakazi wanaona, wanahesabu, na siku yao ikifika wanakumbusha.

Lakini jiko haliulizi kwa nini umeligusa. Masika yakikolea, Jangwani hujaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama. Mfanyakazi wa Mbezi anayefika Posta saa nne siku hiyo, na yule wa Kinondoni aliyefika saa nne kwa sababu alilala, wamevunja kanuni ileile. Ukiwaandikia onyo moja umekuwa sawa kama jiko, lakini hukutenda haki. Hapo ndipo kusikiliza kunapohitajika: kanuni ibaki moja kwa wote, na sababu ya kila mmoja ipimwe kwa uzito wake.

Sheria yetu imejaribu kuyaunganisha haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na pia afuate utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinaeleza namna. Fanya uchunguzi. Mpe mfanyakazi tuhuma zake kwa lugha anayoielewa. Mpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Mruhusu aje na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kikao kiongozwe na mtu wa ngazi inayofaa ambaye hakuhusika na tukio, mtuhumiwa awahoji mashahidi, na akipatikana na kosa asikilizwe tena kabla ya adhabu. Kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi kwamba uhusiano wa kazi hauwezi tena kuendelea, kama wizi, kumpiga mwenzake au kuhatarisha usalama wa watu kwa makusudi.

Sasa tumsikie mwajiri naye, maana ana hoja na mara nyingi hupuuzwa. Chukua mwenye duka la vitenge mwenye wafanyakazi watano. Anamkamata kijana wa stoo na robota mbili zikipakiwa kwenye bajaji saa moja usiku. Yeye ndiye mlalamikaji, ndiye shahidi, ndiye bosi. Huyo mwenyekiti wa kikao asiyehusika atamtoa wapi? Akimfukuza palepale, kijana ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Tume inaweza kusema: sababu unayo, utaratibu huna, kwa hiyo hukumwachisha kwa haki. Sheria ilipopitishwa mwaka 2004, fidia iliwekwa isiyopungua mishahara ya miezi 12. Kwa biashara ndogo hilo ni pigo, na mwenye duka anaona kabisa kwamba ameibiwa mara mbili. Maumivu yake ni ya kweli. Anayesema kwamba kila mwajiri anayelalamikia utaratibu ni mnyonyaji hajawahi kulipa pango la fremu Kariakoo.

Mahakama zenyewe zimeliona hilo. Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu imewahi kueleza kwamba Kanuni hizi hazifuatwi kama orodha ya kuwekea alama ya vema, na kwamba kikubwa ni misingi ya kusikilizwa kwa haki kuheshimiwa. Mahakama ya Rufani nayo imekubali kwamba pale sababu ilipokuwa halali na kasoro ni ya utaratibu peke yake, fidia inaweza kuwa pungufu. Huo ni mwelekeo mzuri. Lakini hautoi ruhusa kwa kampuni yenye wafanyakazi 200 na idara nzima ya rasilimali watu kufanya kikao cha dakika kumi ambacho barua ya kufukuza ilishachapwa kabla hakijaanza. Vikao vya namna hiyo vipo, na kwangu ni vibaya kuliko ukali wa bosi wangu wa Kariakoo. Yeye alikosea kwa hasira, hawa wanakaa mezani na faili.

Kwa duka la watu watano, naona yapo mambo ambayo hayagharimu chochote. Andika tuhuma kwenye karatasi, kwa Kiswahili. Subiri siku mbili, na kama unaogopa ushahidi utapotea, msimamishe kwa muda huku mshahara ukiendelea. Mwombe mhasibu anayekuja kukufungia hesabu, au mfanyabiashara mwenzako wa mtaa wa pili, akae katikati na aulize maswali. Andika alichosema mtuhumiwa, asome, asaini. Yule kijana wa robota bado ataondoka, na safari hii karatasi zitakuwa upande wako.

Jambo la shoti lina kifungu chake, na wengi wanakivunja bila kujua. Sheria hairuhusu kukata tu mshahara kwa hasara. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Bosi wangu alikata zote, mara moja, kwa sauti.

Sauti yenyewe si jambo dogo. Baada ya Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa mwaka 1971 kukemea viongozi wenye majivuno na dharau, wafanyakazi wa viwanda hapa Dar es Salaam waliweka zana chini, na mameneja kadhaa wakafungiwa nje ya mageti. Mengi ya malalamiko yao hayakuhusu mshahara. Walichoka kutukanwa. Miaka zaidi ya 50 imepita na bado tuna wasimamizi wanaoamini kwamba onyo halijakamilika mpaka wenzake walisikie.

Na kuna watu ambao ulinzi huu hauwafikii kabisa. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya kulalamikia kuachishwa kazi kusiko kwa haki chini ya sehemu hiyo ya sheria, na wapo waajiri wanaozungusha vibarua kabla muda huo haujatimia. Hoja ya kipindi cha kujaribiana naielewa. Ila mtu wa miezi mitano naye anaweza kusingiziwa, na kumuuliza swali kabla ya kumtoa hakuhitaji sheria.

Dada yule wa kaunta alikuwa na miezi minne. Nilitumwa mimi nimpelekee Sh84,000 zake Tandika, ndani ya bahasha. Alizihesabu mbele yangu, noti kwa noti kama jioni ile, akaniuliza: "Kaka, wewe si ulikuwepo mteja akilipa?" Nilikuwepo.