Zana ya kuhesabu kwa muda ionyeshe na sifuri

Watu wengi wanasimika mtambo mzima wa dashibodi, wa kuonyesha takwimu kwa michoro, kwa kazi ambayo amri za kale za Unix (familia ya mifumo endeshi) zinaimaliza kabla chai haijapoa. Tuseme seva imelemewa na unataka kujua balaa lilianza lini. Faili la logi, yaani kumbukumbu ya kila tukio la seva, lina mistari laki kadhaa, kila mmoja unaanza na muda wa mtindo wa ISO 8601, mfano 2024-03-12T21:47:05Z. Andika:

cut -c1-13 logi.txt | sort | uniq -c

Amri ya cut inakata herufi za mwanzo za kila mstari, sort inaipanga mistari, na uniq -c inahesabu inayofanana. Herufi 13 za mwanzo zinaishia kwenye saa, kwa hiyo unapata kila saa na idadi ya mistari yake. Ukiweka 16 unashuka hadi dakika, ukiweka 10 unapata siku. Hakuna cha kusakinisha.

Sifa hapa ni ya mtindo wa tarehe kuliko amri zenyewe. Mwaka ukitangulia, ukafuata mwezi kisha siku, kupanga kwa alfabeti ni sawa na kupanga kwa muda. Logi za kawaida za Apache, programu ya kuendesha tovuti, huandika 10/Oct/2000:13:55:36. Hapo sort inaangalia siku kwanza, halafu inaitanguliza Apr mbele ya Jan. Vurugu tupu.

Ugomvi wangu ni na uniq. Inahesabu kilichopo, basi. Seva ikinyamaza kwa muda wa saa mbili, hutaona sifuri popote: baada ya T23 inafuata T02, na jicho lililochoka linapita bila kushtuka. Wakati mwingine ukimya ndio habari yenyewe. Programu imekufa, diski imejaa, au kazi ya cron, ya kujiendesha kwa ratiba, haikuamka. Kwa hiyo zana yoyote ya kupanga maandishi kwa muda, hata iwe na rangi nzuri kiasi gani, kwanza naitazama kama inaonyesha vipindi vitupu. Isipoonyesha, naandika programu ya gawk, lugha ndogo ya kuchakata maandishi: kitendakazi chake mktime kinageuza muda kuwa sekunde, kutoka kwenye sekunde hizo unapunguza baki la kuzigawanya kwa 300 ili upate vipindi vya dakika tano, kisha kitanzi kinapita kutoka kipindi cha kwanza hadi cha mwisho na kuchapa kila kimoja, chenye kitu na kisicho na kitu. Ni mistari michache tu.

Halafu kuna ile Z ya mwishoni, yaani UTC, saa ya kimataifa. Sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele, kwa hiyo siku ya UTC inaanza saa tisa usiku wetu. Ukikata kwa herufi 10, miamala yote ya kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa inahesabiwa jana, na mwisho wa mwezi mhasibu atakuja mezani kwako na karatasi mbili zisizolingana. Kwenye gawk mpya, ipe mktime 1 kama hoja ya pili ili isome muda kama UTC, kisha endesha amri yote ukiwa umetanguliza TZ=Africa/Dar_es_Salaam ili strftime, inayorudisha sekunde kuwa tarehe na saa, ichape saa za kwetu.