Takrima ya Mheshimiwa

Kabla neno takrima halijafikishwa mbele ya majaji, sisi wa kijiji kimoja wilayani Muheza tulikuwa tumekwisha kulijadili kwa matumbo matupu. Mwaka 2000 Bunge liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi, likaweka kifungu kilichosema kwamba jambo lililofanywa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, halihesabiwi kuwa hongo. Watu wakakiita kifungu hicho takrima, na muda si muda takrima ikawa pilau, soda, khanga, na noti iliyokunjwa vizuri kiganjani.

Katika kampeni za 2005, mgombea mmoja wa udiwani alituletea barua, nami, kwa kuwa ni mwalimu na nina sauti ya kufika kisimani, nikapewa niisome hadharani. Ilisema: “Baada ya mkutano kutakuwa na takrima.” Niliisoma neno kwa neno, na watu wakashangilia. Haikutaja nani atamkirimu nani.

Siku ya mkutano hakuna jiko lililowashwa mchana isipokuwa la shangazi yangu, ambaye hajawahi kuiamini barua yoyote. Wengine walikuja na watoto, na watoto wakaja na mabakuli. Mheshimiwa alifika alasiri na wapambe waliojaza magari mawili, akahutubia kwa ufupi wa kutia shaka, kisha akashuka jukwaani, akaketi kwenye jamvi, akakunja mikono ya kanzu na kusubiri. Nasi tukasubiri. Baadaye nilikuja kujua kwamba mtunza fedha wake, ambaye nadhani alilifasiri neno lile kwa kuutazama mfuko uliobaki, alikuwa amemhakikishia kwamba wenyeji wamemwandalia mgeni wao karamu, na kwa mila za pwani hakukosea hata kidogo.

Mzee mmoja akaona aibu ile imezidi, akakohoa. “Mheshimiwa, wahenga walisema mgeni aje, mwenyeji apone.”

“Ni kweli, mzee wangu,” akajibu kwa furaha, “nami ndiyo nimekuja.”

Macho yote yakanigeukia mimi, kana kwamba barua ile niliitunga mwenyewe. Shangazi akainuka bila kusema neno, akaleta sufuria yake ya muhogo wa nazi, na muhogo wa nyumba moja ukagawiwa kijiji kizima pamoja na wapambe, kila mtu kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Mheshimiwa alipewa viwili kwa sababu ya cheo alichokuwa akikiomba, hivyo kwa hesabu zangu siku ile wapiga kura ndio waliomkirimu mgombea, jambo ambalo sidhani kama Bunge lilikuwa limelifikiria.

Kisha mgombea mwenza wa urais wa chama kimoja cha upinzani akafariki, na upigaji kura ukasogezwa kutoka 30 Oktoba hadi 14 Desemba. Kampeni zikaendelea, na barua ya pili ikaja: wananchi waliombwa kuhudhuria wakiwa wameshakula.

Mwezi Aprili 2006, baada ya mashirika ya kutetea haki kufungua shauri, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha takrima kinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa kilimpendelea mgombea mwenye fedha dhidi ya asiye nazo. Nilimweleza shangazi habari hiyo kama ilivyosomwa redioni.

“Sasa, mwanangu,” akauliza, “majaji wamesema muhogo wangu unarudishwa na nani?”