Kabla shamba halijauzwa, kijiji kijue nani hasa ananunua

Juzi nilikuwa Pangani kwa shangazi, nakuta ile njia yetu ya kukatiza minazini imepigwa waya mpaka karibu na kisima. Nikamuuliza, shangazi, huku kanunua nani? Akasema, "Mimi najuaje mwanangu, tuliambiwa mtu wa Dar." Huyo mtu wa Dar alikuja siku ya kusaini tu, basi, tangu hapo wanaokuja ni wageni wa nje ya nchi na gari zao na vijana wa kupima, na wale walinzi ukiwauliza bosi ni nani wanasema kampuni.

Sasa hili ndo linaloniuma. Sheria zetu za ardhi za 1999 zinasema wazi kabisa, asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, tena anapitia serikalini, na ardhi ya kijiji lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, yaani isiwe tena chini ya kijiji, na ikiwa haizidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndo unakubali au unakataa, ikizidi hapo anaamua waziri. Lakini mwananchi mwenzetu akikubali kumwazima mgeni jina lake, hizo hatua zote zinarukwa, kwenye karatasi ni raia kauziana na raia.

Wamarekani hili walilishtukia zamani. Tangu 1978 wana sheria inayomtaka mgeni akinunua shamba ajaze fomu ndani ya siku 90, na kama ni kampuni haitoshi kuandika jina la kampuni, wanataka nani anaimiliki, na huyo naye nani anammiliki, asipotoa taarifa faini inaweza kufika asilimia 25 ya thamani ya shamba. Majimbo nayo yana zake, Iowa kwa mfano mgeni amebanwa sana kununua shamba na aliye nalo lazima ajisajili kwa katibu wa jimbo. Si kwamba kwao kumenyooka, maana mnunuzi ndo anajitaja mwenyewe, na Januari 2024 wakaguzi wa bunge lao walisema takwimu hizo zina makosa na zinachelewa. Lakini angalau swali linaulizwa, na asiyejibu analipa.

Mimi sipingi wageni. Tanga hii mkonge uliletwa na Wajerumani 1893, na watu wengi huku wamesomeshwa na mkonge. Ninachotaka ni karatasi moja tu ibandikwe ofisi ya kijiji kabla ya mkutano, iandike pesa ni ya nani, shamba litalimwa nini na njia za watu zitabaki wapi, na ikija kugundulika jina lilikuwa la kuazima, mauzo yafutwe na aliyemwazima mgeni jina ashtakiwe. Wazee wetu wanajua kusoma, wasomewe basi hata kwa spika ya msikitini.

Shangazi ana ekari 4 zimepakana na huo waya. Wiki hii dalali kashamfuata mara mbili, anataja bei, jina la mnunuzi hataki kulitaja.