Kosa la kusoma faili: lisawazishwe au lisemwe lilivyo?

Mwenye duka la kuchapisha mtaani kwetu alinipigia simu: "Kaka, programu yako inasema sina ruhusa." Ni programu ndogo niliyomwandikia kwa lugha ya C. Inachukua faili za mteja kwenye flashi, inazinakili kwenye kompyuta ya dukani, ndipo zichapishwe. Kwangu natumia Linux na haijawahi kunisumbua. Dukani ni Windows. Nilipofika nikakuta faili inasomwa mpaka katikati, kisha unatoka ujumbe: ruhusa imekataliwa. Tukabadilisha haki za folda. Tukazima antivairasi. Tukaingia kama admini. Alasiri ikatuishia hapo, mwenye flashi amesimama mlangoni anatazama saa. Kumbe flashi ilikuwa inakufa.

Uongo ule haukuwa wa Windows. Windows ilisema kweli: ilirudisha namba 23, maana yake data haikupita ukaguzi wa CRC, hesabu inayoonyesha kama data imeharibika. Aliyepotosha ni mkalimani wa katikati, maktaba ya C ya Microsoft, yaani kodi iliyo tayari ambayo programu za C huitegemea, ambayo huzigeuza namba za makosa za Windows ziwe zile za errno, namba za makosa za C. Ina jedwali la kutafsiri, na namba isiyomo kwenye jedwali ikiwa kati ya 19 na 36 inaangukia jina moja tu, EACCES, yaani huna ruhusa. Humo imo 23 ya diski mbovu, na imo 32 ya faili iliyoshikwa na programu nyingine. Wagonjwa wa maradhi tofauti wanatoka hospitali na cheti kimoja.

Basi swali ni hili: programu inayotakiwa kufanya kazi kwenye mifumo zaidi ya mmoja, ikishindwa kusoma faili, iligeuze kosa liwe mojawapo ya aina chache zinazoeleweka kila mahali, au ipitishe namba ya mfumo kama ilivyokuja? Baada ya alasiri ile ningeweza kujibu kwa hasira, lakini wanaotaka kusawazisha wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa.

Namba za mifumo si lugha moja. Namba 2 ni "faili haipo" kwenye Linux na kwenye Windows pia, na bahati hiyo inaweza kumponza mtu, kwa sababu 5 kwenye Linux ni kifaa kimeshindwa kusoma au kuandika, na kwenye Windows ni umekataliwa kuingia. Hata ndani ya ukoo wa Unix, waliomo Linux na macOS, hakuna amani. EAGAIN, yaani jaribu tena baadaye, ni 11 kwenye Linux na 35 kwenye macOS. EDEADLK, yaani kusubiriana kusikoisha, ni 35 kwenye Linux na 11 kwenye macOS. Zimebadilishana viti! Anayelinganisha na namba badala ya jina anajichimbia shimo. Na jina nalo halimwokoi kila mara. Jaribu kufungua folda kana kwamba ni faili: kwenye Linux fopen, mwito wa C wa kufungua faili, inakubali bila kinyongo, unakuja kukwama kwenye fread, mwito wa kusoma, kwa EISDIR, yaani hii ni folda, kwenye Windows fopen inakufukuzia mlangoni, tena kwa EACCES ileile. Mtu anayeandika programu ya kuhifadhi nakala hawezi kubeba kichwani vituko vyote hivyo. Heri mtu mmoja avijue, aviweke kwenye maktaba, sisi wengine tulale.

Tena kuna makosa ambayo si makosa. Kwenye Unix, read, mwito wa mfumo wa kusoma, inaweza kukatizwa na ishara ya mfumo kabla ya kusoma hata baiti moja, ikarudisha EINTR, yaani nimekatizwa. Faili ni nzima, diski ni nzima, wewe ndiye unayetakiwa kurudia. Zamani kila mmoja aliandika kitanzi chake cha kurudia, na wengi walisahau. Lugha ya Python ilijitwika mzigo huo katika toleo la 3.5, mwaka 2015, bila kumnyima mtumiaji nafasi ya kuikatisha programu kwa Ctrl+C, na read_to_end ya lugha ya Rust, inayosoma faili mpaka mwisho, nayo hurudia yenyewe. Hapa sioni hoja ya upande wa pili.

Mwisho wa faili ni habari nyingine. Kwa read, sifuri ni mwisho na -1 ni kosa, mtu anaelewa. Kwa fread unapewa hesabu tu, na hesabu pungufu ina maana mbili, kwa hiyo lazima uulize feof (faili imeisha?) na ferror (kuna kosa?). Wanaoanza huandika kitanzi kinachozunguka mpaka feof iseme kweli. Diski ikigoma katikati, alama ya mwisho haiwaki kamwe, na programu inazunguka usiku kucha haisomi kitu. (Toleo langu la kwanza lilikuwa hivyo. Tuendelee.) Na kiwango rasmi cha C chenyewe hakiilazimishi fread kuweka errno, ni POSIX, kiwango cha mifumo ya ukoo wa Unix, inayolazimisha. Ukishika C tupu, pasipo POSIX, unachojua kwa hakika ni kwamba imeshindikana. Huko ndiko kusawazisha kunakofika kukiachwa kuende mpaka mwisho.

Sasa wa upande wa pili. Nguvu yao ni ushahidi. Namba ya mfumo ndiyo kitu pekee alichosema shahidi aliyekuwepo. Vingine vyote ni tafsiri. Na tafsiri huchelewa. Rust ilikuwa ikiyatupa makosa isiyoyaainisha kwenye kapu liitwalo Other. Toleo la 1.55, mwaka 2021, likayatoa humo, na programu zilizokuwa zikitegemea kuyakuta kapuni zikayakosa. Aina ya IsADirectory, yaani ulichofungua ni folda, iliruhusiwa rasmi kwenye toleo la 1.83, mwishoni mwa 2024. Kabla ya hapo, aliyebaki kwenye toleo thabiti na akataka kulitambua kosa hilo alishuka kwenye raw_os_error kusoma namba, kulekule alikokuwa anakimbizwa.

Lakini namba ghafi nazo zikishatoka nje hazirudi. Mara mtu ameandika "ikiwa 5, jaribu tena", na programu imekuwa ya mfumo mmoja bila mwenyewe kujua.

Ninavyoona mimi, pande zote mbili zinabishana kana kwamba kosa lina msomaji mmoja. Linao wawili. Wa kwanza ni programu, na programu ikishindwa kusoma haina mengi ya kufanya: irudie, iruke faili, isimame, au iulize mtu. Kwa uamuzi huo aina chache zilizosawazishwa zinatosha, na namba ghafi ni mtego. Wa pili ni mtu atakayekwenda kurekebisha. Yeye anataka kujua kama abadilishe flashi au afunge dirisha fulani, na kwake aina chache ni kama daktari anayesema "unaumwa" akafunga faili. Lugha ya C++ ililiona hili mwaka 2011 ilipotenga error_code, inayobeba namba ya mfumo, na error_condition, ya kulinganishia. Wazo zuri kuliko sifa zake. Python kwenye Windows ina nafasi iitwayo winerror kwa kazi hiyohiyo, ila open yake ya kawaida hupitia maktaba ileile ya C, kwa hiyo 23 inapotelea njiani na nafasi inabaki tupu.

Pamoja na hayo, kitu kimoja nisingemwachia maktaba yoyote akisawazishe kimyakimya: data nusu. Faili ya mteja iliyosomwa mpaka katikati isihesabiwe imesomwa, wala isitupwe bila kumuuliza mwenyewe. Kurasa 12 kati ya 20 za tasnifu huenda ndizo anazozihitaji leo. Hilo ni la mwenye kazi kuamua.

Programu ya dukani niliirekebisha kwa mistari michache. Maktaba ya Microsoft, pamoja na dhambi zake, huiweka namba ya asili kwenye _doserrno, mradi uisome papo hapo kabla ya mwito mwingine kuifuta. Ndani, programu bado inaamua kwa aina chache. Kwenye skrini inaandika jina la faili, baiti ilipokwamia, na namba ya Windows. Wiki iliyopita simu iliita tena.

"Kaka, imekwama baiti 0, imeandika 32."

"Funga Excel, kisha jaribu tena."