Oksijeni Bado Imekalia Kiti

Wanafunzi wa kemia hapa Lubumbashi wakianza memwari, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, nichague metali gani?" Wanataka kuhesabu kwa kompyuta jinsi metali inavyovunja gesi inayopasha dunia joto. Wengi wameshajijibu kabla sijafungua kinywa. Kobalti. Nawaelewa. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na sisi tumekua tukiona malori yakiibeba kuelekea Kasumbalesa. Mtoto wa hapa akitaka kujua ioni moja (atomu yenye chaji) ya kobalti inafanya nini ndani ya zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, ni haki yake, wala si lazima asubiri maabara ya mamilioni. Kompyuta nzuri na programu ya bure ya kuhesabu tabia za atomu kama Quantum ESPRESSO au CP2K vinatosha kuanzia.

Ninachokataa ni pale wanapoikatisha hesabu.

Gesi yenyewe ni nitrasi oksidi, N₂O. Inatoka kwenye udongo uliotiwa mbolea na kwenye viwanda vya asidi ya nitriki, na kwa kipimo cha miaka 100 kilo yake moja inapasha dunia joto mara 273 kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Ya shambani inatawanyika hewani. Ya kiwandani inapita kwenye bomba, kwa hiyo unaweza kuiwekea njiani kichocheo, kitu kinachoharakisha kuvunjika kwake. Zeolaiti ya ZSM-5 ina mifereji yenye upana wa nanomita 0.55 hivi, kila penye alumini pana chaji hasi, na hapo ndipo ioni ya chuma, shaba au kobalti inapokaa.

N₂O inafika, inaiachia metali oksijeni yake, naitrojeni inaondoka. Mwanafunzi anachora kilima cha nishati cha hatua hiyo, yaani nishati inayohitajika ili itokee, anaandika hitimisho, anafunga. Lakini oksijeni bado imekalia kiti! Lazima N₂O nyingine ije kuing'oa ili zitoke kama O₂, au oksijeni mbili zikutane. Metali inayoshika oksijeni kwa nguvu hurahisisha hatua ya kwanza na kuitia ugumu ya pili. Ukizipanga metali kwa hatua ya kwanza tu, unaweza kuitangaza bora ile itakayoziba mapema kuliko zote. Huko ni kumdanganya msomaji, hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Kisha kuna moshi halisi wa kiwandani. Una mvuke wa maji, na maji hugombea nafasi ile ile kwenye ioni. Una nitriki oksidi (NO) pia, ambayo kwenye chuma husaidia: inaichukua oksijeni, inakuwa NO₂, kiti kinabaki wazi. Mfano wa kompyuta wenye gesi kavu, safi, hauwezi kukuonyesha hayo. (Na spini ya elektroni, yaani jinsi elektroni zinavyojipanga kisumaku, msiisahau, jamani, chuma na kobalti zina hali zaidi ya moja, na hesabu ikishika hali isiyo yake, kilima chote kinakuwa cha uongo.)

Masika iliyopita umeme ulimkatikia kijana mmoja, kazi ya siku tatu ikapotea. Akaniomba aishie hatua ya kwanza. Nilikataa, na iliniuma kukataa. Tulianza upya, tukihifadhi matokeo kila baada ya muda mfupi. Kilima cha pili kilipotoka kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza. Alikitazama kimya, kisha akaifungua sura ya mwisho ya memwari yake na kuanza kuiandika upya.