Sinderela na kiatu kisicho na kulia wala kushoto

Kila Desemba nasoma hadithi fupi za mapenzi za Uingereza ya zamani, hasa zile za kati ya 1811 na 1820, wakati mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa. Theluji, gari la farasi, bwana mwenye mashamba, msichana asiye na kitu. Halafu mwandishi anaingiza ngano, mara nyingi ya Sinderela. Nazipenda sana. Kinachoniudhi ni kwamba wengi wanakimbilia uchawi kabla hawajaitazama historia yenyewe, ambayo ina vituko vya kutosha.

Mfano ni hicho kiatu. Kwa Perrault, aliyeichapisha ngano hiyo Paris mwaka 1697, kiatu cha kioo alichoangusha Sinderela ndicho shahidi mkuu, maana mwana wa mfalme anamtafuta kwa kuwapimisha wasichana. Sasa mlete mwana wa mfalme kwenye dansi ya Kiingereza mwaka 1814. Viatu vya wanawake vilikuwa vya satini, soli nyembamba, na vilishonwa nyoofu, hakuna cha kulia wala cha kushoto. Akianza kuwapima wasichana, nusu ya kijiji wanakuwa wachumba wake! Bado namsubiri mwandishi wa kukitumia kichekesho hicho.

Mti wa Krismasi nao wanaupachika kila sebule. Malkia Charlotte alisimamisha mmoja Windsor mwaka 1800, sawa, lakini ulivuma hasa baada ya gazeti kutoa picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao kando ya mti wao mwaka 1848. Kilichotundikwa majumbani kabla ya hapo ni matawi ya mistletoe, mmea unaoota juu ya miti mingine. Kijana akimbusu msichana chini yake, anachuma tunda moja jeupe. Matunda yakiisha, busu nazo basi. Unahitaji ile saa ya kugonga saa sita usiku, inayomaliza uchawi wa Sinderela, ya nini tena?

Lakini utamu wote uko kwenye sherehe za kufunga Krismasi, mwanzoni mwa Januari. Maduka ya London yaliuza karatasi zenye picha za wahusika wa kuchekesha. Unazikata, unazitia kwenye kofia mbili, ya wanaume na ya wanawake, kila mgeni anaokota yake. Uliyemwokota ndiye wewe jioni nzima.

Mimi ningempa binti yatima, anayelelewa na shangazi kwa masimango, karatasi ya malkia. Mrithi wa jumba aokote mpishi. Basi bwana mkubwa anamwinamia binti, anamuuliza mtukufu atakula nini, na shangazi amekaa pale pale midomo imembana, hawezi kusema neno kwa sababu ni mchezo. Hapo boga la kugeuzwa gari na panya wa kugeuzwa farasi wa nini?

Wakaishi raha mustarehe? Hapo ningekuwa mkali kidogo. Kabla ya sheria za 1870 na 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa, fedha za mke ziliingia mikononi mwa mume, labda kama familia iliziweka mapema chini ya wadhamini. Binti yangu ningemwachia urithi mdogo wa mama yake. Mrithi akishapiga goti na machozi yamemtoka, binti anakubali, anatabasamu, kisha anaomba wakili aitwe kabla ya mchungaji.